Kiongozi wa Upinzani na Haki ya Kuihoji Serikali: Kutoka Ukumbi wa Karimjee Hadi Alhamisi za Dodoma

Dar es Salaam. Kuihoji Serikali ndani ya chombo cha kutunga sheria ni utaratibu unaofahamika zaidi kwa wananchi kupitia kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu, kinachofanyika Dodoma siku za Alhamisi wakati Bunge likiwa katika mkutano. Hata hivyo, historia ya utaratibu huo nchini ilianza katikati ya Jiji la Dar es Salaam, katika eneo linaloweza kuzungukwa kwa miguu, kati ya mitaa ya Kariakoo, viwanja vya Mnazi Mmoja na Ukumbi wa Karimjee. Mtu wa kwanza kuongoza upande wa wajumbe waliochaguliwa na wananchi, akiihoji Serikali iliyokuwa mbele yake, ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Makala haya yanaeleza chimbuko la nafasi hiyo, namna Katiba na Kanuni za Bunge zinavyoilinda, masharti ya kupatikana kwake, na kinachobaki mikononi mwa mwananchi pale nafasi hiyo inapokosa mtu wa kuishika.

Baraza lisilokuwa na Mwafrika

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa wakati wa utawala wa Gavana Sir Donald Cameron na kufanya kikao chake cha kwanza tarehe 7 Desemba, 1926. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wajumbe 13 walikuwa maofisa wa Serikali, na wajumbe wasio maofisa walioteuliwa kwanza walikuwa saba, yaani Wazungu watano na Waasia wawili. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja.

Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1945, ambapo Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma waliteuliwa kuwa wajumbe wa kwanza Waafrika. Katika Baraza la namna hiyo, mjumbe aliweza kuuliza, lakini swali lake halikuwa na nguvu ya kura nyuma yake. Aliyemteua ni Gavana, na Serikali aliyoihoji ilikuwa na wingi wa wajumbe uliopangwa tangu mwanzo.

Mwaka 1955, chini ya Gavana Sir Edward Twining, Baraza lilipangwa upya. Upande wa Serikali ulipewa wajumbe 31, na upande wa pili ukapewa wajumbe 30, kumi kwa kila kundi la Waafrika, Waasia na Wazungu. Baraza hilo lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, uliotolewa na familia ya Karimjee Jivanjee kwa ajili ya Jiji, jirani na bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa. Ni katika familia hiyo alikotoka Abdulkarim Karimjee, aliyekuwa Spika hadi mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa imekwisha kupata uhuru.

Mitaa iliyokuwa nyuma ya swali

Umbali wa takribani kilomita mbili kutoka Ukumbi wa Karimjee, kuelekea magharibi, kulikuwa na mji wa namna nyingine. Mipango miji ya kikoloni iliigawa Dar es Salaam katika sehemu tatu, yaani Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na makazi ya Waafrika upande wa Kariakoo na Ilala. Uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja uliachwa kati ya makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Jina Kariakoo lenyewe linatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Katika mtaa uliojulikana kama New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, ndipo ilipokuwa ofisi ya chama cha TAA, na ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Abdulwahid Sykes, aliyekuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, aliacha kazi ya ualimu mwaka 1955 ili kuutumikia umma kupitia chama hicho.

Mwalimu aliwahi kuingia katika Baraza kwa muda mwaka 1954, akishika nafasi ya Chifu Kidaha Makwaia, na aliteuliwa tena mwaka 1957. Desemba mwaka huo huo alijiuzulu. Sababu aliyoitoa ni kwamba Serikali haikuwa tayari kupokea hata mapendekezo ya wastani aliyoyawasilisha, hivyo kuendelea kukaa ndani ya Baraza kungewafanya wananchi waamini kwamba sauti yao inasikilizwa ilhali haisikilizwi.

Uamuzi huo ulionesha udhaifu wa mjumbe wa kuteuliwa. Swali lake lilitegemea hisani ya aliyeulizwa, na alipokosa jibu, njia iliyobaki ilikuwa kuondoka na kurudi kwa waliokuwa nje ya ukumbi.

Kiongozi wa wajumbe waliochaguliwa

Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua kwamba chama kishiriki uchaguzi uliojulikana kama wa kura tatu. Kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sifa za kuandikishwa zilikuwa nzito. Mpigakura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika madaraka yaliyotajwa katika sheria. Wachuuzi, wapagazi na akina mama wengi wa Kariakoo, waliojaza mikutano ya TANU ya Mnazi Mmoja, hawakuwa na sifa hizo. Baadhi ya wanachama waliupinga uamuzi wa Tabora, akiwemo Zuberi Mtemvu, aliyejitoa na kuanzisha chama cha African National Congress.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale waliokubaliana nao katika makundi yote matatu walishinda. Wajumbe hao waliochaguliwa, Waafrika, Waasia na Wazungu, waliunda umoja wao ndani ya Baraza na kumchagua Mwalimu Nyerere kuwa mwenyekiti. Kwa mara ya kwanza Serikali ya Tanganyika ilikabiliwa na upande ulio na kiongozi mmoja, msimamo mmoja na ridhaa ya wapigakura. Nafasi aliyoishika Mwalimu ilikaribiana sana na ile ambayo mabunge mengine huiita Kiongozi wa Upinzani.

Swali kuu la upande huo lilikuwa moja, nalo ni lini Tanganyika itapata serikali ya madaraka inayowajibika kwa wananchi. Machi 1959, Gavana Sir Richard Turnbull alitangaza kwamba mawaziri watano kati ya 12 watatoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa. Walioteuliwa ni Chifu Abdullah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson. Mwalimu hakuwa miongoni mwao. Alibaki nje ya Serikali, akiongoza wajumbe waliochaguliwa na kuendelea kudai majibu.

Tarehe 15 Desemba, 1959 jibu lilipatikana. Gavana alitangaza kwamba serikali ya madaraka itaundwa baada ya uchaguzi wa mwaka 1960. Katika uchaguzi huo wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961, mkutano wa katiba uliofanyika katika ukumbi ule ule wa Karimjee ulikubali tarehe ya uhuru. Mwalimu alitoka nje akiwa amebebwa mabegani, na bango lake likitangaza uhuru kamili mwaka 1961. Ndani ya miaka mitatu na nusu, aliyejiuzulu kwa kutosikilizwa alikuwa amehamia upande wa kujibu.

Miaka ya chama kimoja

Ushindi huo uliacha upande wa pili wa ukumbi bila watu. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Kazi ya kuihoji Serikali haikufutwa, kwani wabunge wa chama hicho hicho waliendelea kuuliza maswali, na wananchi waliendelea kuwaondoa baadhi yao kwenye uchaguzi. Kilichokosekana ni kiongozi wa upande mwingine, aliyejiandaa kuunda serikali mbadala na hivyo kulazimika kuuliza akijua kwamba siku moja anaweza kutakiwa kujibu.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilibaini kwamba wananchi wengi waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Pamoja na hayo, Tume ilipendekeza mfumo wa vyama vingi, ikizingatia pia maoni ya wachache. Mfumo huo ulirejeshwa rasmi tarehe 1 Julai, 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika Oktoba 1995. Kuanzia hapo nafasi ya Kiongozi wa Upinzani Bungeni ilipata mwenyewe. Waliowahi kuishika ni pamoja na Hamad Rashid Mohamed wa CUF, kati ya mwaka 2005 na 2010, na Freeman Mbowe wa CHADEMA, kati ya mwaka 2010 na 2020.

Katiba na Kanuni zinasemaje

Msingi wa kuihoji Serikali umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 63 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyo hiyo inaliwezesha Bunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, hivyo mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa swali aliloliuliza humo. Ibara ya 53A inaweka utaratibu wa kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ambacho ni kiwango cha juu kabisa cha kumwajibisha kiongozi huyo.

Maswali ya kawaida huwasilishwa mapema kwa maandishi. Swali likishajibiwa, mbunge aliyeuliza hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Maswali kwa Waziri Mkuu ni tofauti. Utaratibu huo uliingizwa katika Kanuni za Bunge za mwaka 2007, wakati wa Spika Samuel Sitta. Kipindi chake ni dakika 30 siku ya Alhamisi. Maswali huulizwa papo kwa papo, na yanatakiwa kuhusu sera na masuala ya jumla ya Serikali. Kiongozi wa Upinzani, anapokuwepo ukumbini, hupewa nafasi ya kwanza.

Nafasi hiyo ya kwanza ina uzito wake. Waziri Mkuu hajui ataulizwa nini, na taifa zima linasikia swali kabla halijachujwa. Nchi nyingine zina utaratibu unaofanana na huo. Nchini Uingereza, Kiongozi wa Upinzani hupewa maswali sita katika kipindi cha kila Jumatano. Nchini Ireland, viongozi wa vyama vya upinzani huwa na kipindi chao maalumu cha kumhoji kiongozi wa Serikali ndani ya Dáil, nao huanza na suala lolote la siku hiyo bila kulitaja mapema. Nchini Uganda, nafasi ya Kiongozi wa Upinzani na baraza lake kivuli inatambuliwa na sheria iliyopitishwa mwaka 2006.

Kambi Rasmi ya Upinzani nchini Tanzania ina kazi zaidi ya kuuliza siku ya Alhamisi. Huunda baraza kivuli lenye wasemaji wa kila wizara, na msemaji husoma maoni ya kambi yake wakati wa kujadili bajeti ya wizara husika. Wabunge wa upinzani pia wamekuwa wakiongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, inayochambua taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Novemba 2014, kamati hiyo ikiongozwa na Zitto Kabwe iliwasilisha taarifa kuhusu akaunti ya Escrow ya Tegeta. Maazimio ya Bunge yaliyofuata yalipitishwa kwa kura za pande zote. Katika wiki zilizofuata, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa katika wadhifa wake, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Nafasi inapobaki wazi

Nafasi ya Kiongozi wa Upinzani haiji yenyewe. Kanuni zinataka upande wa upinzani uwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo Kambi Rasmi iundwe. Katika Bunge lenye wabunge zaidi ya 390, kiwango hicho ni karibu wabunge 50. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata wabunge 48 katika Bunge lililokuwa dogo zaidi, na ikaweza kuunda kambi. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2020 idadi hiyo haikufikiwa, hivyo Bunge la Kumi na Mbili halikuwa na Kiongozi wa Upinzani. Katika Bunge la Kumi na Tatu, lililoanza Novemba 2025, wabunge wa upinzani nao ni wachache.

Kukosekana kwa nafasi hiyo hakufuti Ibara ya 63. Haki ya kuuliza ni ya kila mbunge, wa chama chochote, wa jimbo au wa viti maalumu. Kinachopungua ni uhakika kwamba swali la kwanza la Alhamisi litatoka kwa mtu asiye na deni la kichama kwa anayejibu. Kwa sababu hiyo, mzigo wa kuuliza swali gumu huwaangukia zaidi wabunge wa chama kinachotawala, na wananchi wenyewe.

Mfano wa karibu ulionekana Kariakoo. Tarehe 15 Mei, 2023, wafanyabiashara wa soko hilo na mitaa inayolizunguka walifunga maduka wakilalamikia usajili wa stoo, utaratibu wa ukusanyaji wa kodi na kile walichokiita kamatakamata. Bunge lilikuwa Dodoma katika mkutano wa bajeti. Tarehe 17 Mei, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akiwa na viongozi wa Serikali, na kuwasikiliza wafanyabiashara mmoja baada ya mwingine wakieleza kero zao hadharani, kisha kamati ya pamoja ya Serikali na wafanyabiashara ikaundwa kuzifanyia kazi. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, ishara kwamba si kila swali lilikuwa limepata jibu la kuwatosheleza waliouliza.

Gharama ya kuuliza kwa njia hiyo ni kubwa kuliko ile ya dakika 30 za Alhamisi. Duka likifungwa, mchukuzi wa mzigo hakosi siasa tu, anakosa chakula cha siku. Mnunuzi aliyetoka mkoani, au aliyevuka mpaka kuja kufungasha bidhaa, analala nyumba ya wageni kwa gharama asiyoipanga. Swali linaloulizwa mapema ndani ya Bunge, likajibiwa kwa ukamilifu, huokoa hasara ya namna hiyo.

Namna mwananchi anavyoweza kushiriki

Mwananchi mwenye hoja anaweza kuiwasilisha kwa mbunge wa jimbo lake au kwa mbunge wa viti maalumu, akiieleza kwa ufupi na kuambatanisha vielelezo, ili iandaliwe kuwa swali la msingi au la nyongeza. Aidha, anaweza kutoa maoni mbele ya kamati za kudumu za Bunge pale zinapoalika wadau kujadili muswada. Majibu ya Serikali huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, maarufu kama Hansard, zinazopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Kwa kuzisoma, mwananchi anaweza kulinganisha ahadi iliyotolewa na utekelezaji uliofuata, na kumrudia mbunge wake pale tofauti inapojitokeza.

Spika wa Bunge la Kumi na Tatu, Mussa Azzan Zungu, ni Mbunge wa Ilala, jimbo ambalo Kariakoo, Mnazi Mmoja na Ukumbi wa Karimjee vimo ndani yake. Ndiye anayeamua sasa nani asimame kuuliza na kwa muda gani. Bunge limehamia Dodoma na Ukumbi wa Karimjee umebaki kwa shughuli nyingine, zikiwemo za kuwaaga viongozi waliofariki dunia. Nafasi ya kwanza ya kuuliza siku ya Alhamisi ingali imeandikwa katika Kanuni, ikimsubiri atakayepewa na wapigakura idadi ya wabunge inayotosha.